Nyuzi 121: shajara ya midia iliyogoma kuganda

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeinamisha chupa moja ya migomba kwenye rafu ya pili, midia yote, yaani chakula cha miche kinachopaswa kuganda, ikateleza ikaja mdomoni kama uji wa mgonjwa. Nikainamisha ya pili, ya tatu, ya kumi. Rafu nzima ni hivyo hivyo. Miche imezama hadi shingoni, na majani yake yamekuwa ya kioo: yamevimba maji, yanapitisha mwanga, ukiyashika kwa koleo yanavunjika kama tango. Midia yenyewe, ambayo huwa na unjano wa mbali tu kwa ajili ya madini ya chuma, imekuwa rangi ya chai kavu.

Naanza kuandika hapa kwa sababu nimechoka kubahatisha. Kwa atakayesoma bila kutujua: maabara yetu ni vyumba viwili nje kidogo ya mji wa Bukoba. Tunazalisha miche ya migomba chupani kutokana na vipande vidogo vya chipukizi. Mkulima wa Kagera anayehofia mnyauko wa bakteria hataki tena kuomba chipukizi kwa jirani, maana anaweza kuondoka na mgomba pamoja na ugonjwa wake. Wa chupani unatoka safi.

Chakula chake ni midia ya wanasayansi Murashige na Skoog ya mwaka 1962, ambayo wenyewe waliitunga kwa ajili ya tishu za tumbaku na sasa inalisha nusu ya mimea ya dunia iliyo chupani. Ni chumvi, vitamini, homoni, gramu 30 za sukari kwa lita, na aga ya kugandisha. Sukari hiyo ni karamu kwa ukungu na bakteria. Ndiyo maana kila chupa inapita kwenye otoklevu, sufuria kubwa ya mvuke wa presha ya kuulia vijidudu, kabla haijapewa mche.

Oktoba iliyopita ukungu ulitushambulia vibaya. Tukaongeza muda wa otoklevu kutoka dakika 20 hadi 50. Ukungu ukapungua, tukapongezana, tukaagiza soda. Hakuna aliyeuliza zile dakika 30 za ziada zinafanya nini kwa kitu kilichomo ndani ya chupa. Tena tuna tabia ya kubana matumizi: midia ikibaki, wiki inayofuata inayeyushwa na kurudishwa humo humo.

Jumatano, 5 Machi

Nimetengeneza lita moja ya midia bila aga, nikarekebisha pH, kipimo cha asidi, hadi 5.8 kwa mita yetu, nikagawa katika chupa nne. Ya kwanza haikuingia motoni kabisa. Ya pili dakika 20. Ya tatu 50. Ya nne 50, ikapoa, kisha 50 nyingine, kama tunavyofanyia mabaki.

Jioni nimezipanga dirishani. Ya kwanza karibu ni maji. Ya pili ina unjano kidogo. Ya tatu inaanza kuwa kahawia. Ya nne ni chai, na nilipofungua kifuniko ikanijia harufu ya mtu anayepika kashata. pH kwa mita: 5.8, 5.6, 5.3, 5.1.

Kushuka kwa pH peke yake si kioja. Midia hushuka kidogo kila ikipikwa. Kinachonisumbua ni kwamba 5.1 haitoshi kuzuia aga kuganda. Aga huanza kugoma ikishuka chini ya 5. Minyororo yake mirefu ya sukari hukatwakatwa na asidi pamoja na joto, na minyororo mifupi haiwezi kushikana ikafanya wavu wa kukamata maji. Hapa kuna kitu sijakiona.

Alhamisi, 6 Machi

Umeme umekatika tangu asubuhi, kwa hiyo maji ya kuchuja hayapo na kabati la hewa safi limelala. Nikaamua kufanya jaribio lisilohitaji umeme: Benedict.

Aliyesoma baiolojia sekondari anaikumbuka. Glukosi ukiichemsha na mmumunyo wa bluu wa Benedict inaleta kijani, njano, chungwa, mwisho rangi ya tofali, kadiri ilivyo nyingi. Sukari ya mezani, yaani sukrosi, haifanyi kitu. Inabaki bluu mpaka kwanza uichemshe na asidi, uiondolee asidi kwa besi, ndipo uirudishe kwa Benedict. Tulikaririshwa hatua hizo kwa ajili ya mtihani wa vitendo, na mimi sikuwahi kufikiri nitazihitaji nikiwa na watoto wawili.

Mililita 2 za kila midia, mililita 2 za Benedict, testityubu nne ndani ya sufuria ya maji yanayochemka juu ya jiko la gesi. Dakika ya pili ile ya nne ikaanza kugeuka. Dakika ya tano nikazitoa nikaziegemeza ukutani penye mwanga. Ya kwanza bluu ile ile, haijatikisika. Ya pili kijani cha chungwa bichi. Ya tatu njano ya embe dodo. Ya nne ni tofali kabisa, na mashapo mekundu yameshuka chini unene wa kidole.

Kijana wetu wa mafunzo alikuwa amesimama nyuma yangu. "Dada, si ulisema tumeweka sukari ya mezani tu?"

Tumeweka sukari ya mezani tu. Sukrosi ni glukosi na fruktosi zilizoshikana mikono. Asidi na joto huikata mikono hiyo. Kile ambacho mwanafunzi hukifanya kwa asidi ya haidrokloriki, otoklevu yetu imekifanya yenyewe kwa asidi ndogo ya midia na joto la saa nzima. Nimemwambia achore rangi zote nne kwenye daftari lake, maana hatapata mfano mzuri kuliko huu.

Ijumaa, 7 Machi

Usiku nimewaza: je, ni kosa sukrosi ikivunjika? Si lazima. Mgomba unakula glukosi na fruktosi bila shida, na hata midia iliyopikwa sawasawa huwa na kiasi chake. Matatizo ni mawili mengine.

Kwanza, molekuli moja ikiwa mbili, maji ya midia yanazidi kuwa mazito kwa upande wa osmosisi, na mzizi unapata taabu zaidi kuyavuta. Hilo ni dogo.

La pili ndilo zito. Fruktosi ikiendelea kupikwa ndani ya asidi hupoteza maji yake na kuzaa haidroksimethilifurfurali, HMF kwa kifupi, kitu kile kile kinachopimwa kwenye asali kujua kama imechemshwa. Kikizidi ni sumu kwa chembe za mmea. Na pale sukari hizi zinapokutana na amino asidi, kama glaisini iliyomo kwenye vitamini zetu, zinaungana na kutoa rangi ya kahawia, mambo yale yale ya ganda la mkate. Kwa hiyo ile chai kavu ninayoiona ni orodha ya vitu vilivyokuwa chakula na sasa si chakula.

Kuanzia leo nimepiga marufuku kurudisha mabaki kwenye otoklevu. Bosi kauliza hasara itakuwa kiasi gani. Nimemwonyesha testityubu ya nne.

Jumanne, 11 Machi

Naandika hili kwa aibu. Mita ya pH imekuwa ikitudanganya. Mimumunyo ya kuipimia, ule wa 4 na ule wa 7, ilifunguliwa kabla mimi sijaajiriwa. Ule wa 7 una utelezi chini kama kisima kilichoachwa. Leo vimefika vipakiti vipya. Mita ikionyesha 5.8, ukweli ni 5.3.

Basi hesabu inakaa sawa. Midia yetu ilikuwa ikiingia motoni na 5.3 na kutoka na 4.8, au 4.6 ikipikwa mara mbili. Aga haikuwa na namna. Na sukrosi huvunjika kwa kasi zaidi kadiri asidi inavyozidi, kwa hiyo kosa moja lilikuwa linalisha lingine.

Ningeweza kufunga shajara hapa, kwa kuwa midia mpya yenye pH ya kweli imeganda vizuri. Lakini bado imetoka na rangi baada ya dakika 50. Na swali la Oktoba halijajibiwa: kwa nini dakika 20 hazikutosha, wakati vitabu vyote vinasema zinatosha?

Alhamisi, 13 Machi

Nimeazima kipimajoto cha kubaki kileleni. Kinafanya kazi kama kile cha zamani cha homa: zebaki ikishapanda haishuki mpaka ukikung'ute. Nimekifunga kwa uzi katikati ya kikapu, kati ya chupa, nikafunga mfuniko, nikaendesha otoklevu kama siku zote: geji ya presha ikisoma psi 15, dakika 20.

Nimekitoa. Nyuzi 117.

Nikakikung'uta nikarudia. 117.

Psi 15 ni nyuzi 121 kwa aliye Tanga au Mombasa, kwenye usawa wa bahari. Geji haipimi presha yote. Inapima ile iliyozidi presha ya hewa ya nje. Sisi tuko kando ya Ziwa Viktoria, na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo geji ikisoma 15 jumla ya presha ndani ni ndogo kuliko ya Tanga, na mvuke unabaki kwenye nyuzi 119 hivi. Waliosoma bweni kule Njombe wanalijua jambo hili kwa njia ya maharage yasiyoiva upesi.

Hizo ni nyuzi mbili. Mbili nyingine ziliibiwa na hewa. Sisi tulikuwa tunafunga koki ya mvuke mara tu tunapoona moshi wa kwanza. Hewa iliyobaki ndani inasukuma geji sawa na mvuke, ila haina joto la mvuke. Geji inaridhika, chupa haziridhiki. Mchana nimeacha mvuke utoke kwa nguvu dakika 10 nzima kabla ya kufunga koki. Kipimajoto: 119.

Kisha nikapandisha hadi psi 17. Kibao cha mtengenezaji kinaruhusu hadi 20, na valvu ya usalama nimeikagua. Mwenye sufuria ya presha ya nyumbani, ile ya kizito cha kuchezacheza, asijaribu hili. Kizito chake kimepimwa kwa presha moja tu, na akiongeza uzito anatengeneza bomu. Yetu imesimama kwenye 17, nikahesabu dakika 20, nikafungua, nikakimbilia kipimajoto kabla ya glovu hazijapoa. 121.

Nimekaa chini kwenye kiti cha mlinzi nikapiga hesabu, na hii ndiyo sehemu ya mradi ambayo ningependa wenzangu wa maabara nyingine waisome hata kama watayaruka mengine yote. Spora za bakteria sugu hufa kwa kasi inayoongezeka karibu mara 10 kwa kila nyuzi 10 zinazopanda. Sukari nayo huvunjika kwa kasi inayoongezeka, lakini ni mara 2 hivi, haifiki 3, kwa kila nyuzi 10. Joto likipanda, kuua kunakimbia na kupika kunatembea. Joto likishuka kidogo, kuua kunakwama lakini kupika kunaendelea taratibu kama maharage jikoni.

Sasa weka namba zetu. Dakika 20 za nyuzi 117 zinaua sawa na dakika 8 tu za nyuzi 121. Ndiyo maana Oktoba tulivamiwa. Dakika 50 za nyuzi 117 zinaua sawa na dakika 20 za nyuzi 121. Ndiyo maana dawa yetu ilifanya kazi. Hatukuwa wajinga kabisa. Ila kwa upande wa sukari, hizo dakika 50 ni sawa na kuipika dakika 36 hivi za nyuzi 121. Usafi ule ule, mapishi karibu mara mbili. Wenye viwanda vya maziwa ya pakiti ya kukaa muda mrefu wanaitumia hesabu hii hii: joto kali sana kwa sekunde chache, na maziwa yanabaki meupe.

Ijumaa, 14 Machi

Dakika 20, psi 17, hewa imetolewa, pH ya kweli 5.8. Imetoka 5.5. Imeganda. Benedict: kijani. Nimepiga picha nikamtumia bosi, akajibu kidole gumba.

Nyongeza ndogo: tusipike tena midia kwenye chupa kubwa ya lita moja halafu tumimine. Joto huchukua muda kufika katikati ya lita nzima, na linapofika, ya pembeni imeshapikwa kupita kiasi. Tunamimina kwanza kwenye chupa ndogo, ndipo tunazipeleka motoni.

Jumatano, 19 Machi

Siku ya plastiki.

Imeanza kwa kicheko. Kijana wa mafunzo kaona gharama ya chupa, kaokota chupa sita za maji ya kunywa, kaziosha vizuri, kaziweka kwenye otoklevu. Zimetoka vidonge vyeupe vilivyojikunja, kubwa yake haizidi ngumi ya mtoto. Sikumgombeza. Nimemgeuzia kitako cha moja nikamwonyesha pembetatu yenye namba 1: hiyo ni PET, huanza kulegea kabla hata maji hayajachemka, na kwa kuwa ilivutwa kwa nguvu kiwandani ikawa chupa, ikipata joto inakumbuka umbo lake la zamani. Namba 2 na 4 ni polithini, nazo hazifai. Namba 6, polistairini, hulegea kwenye nyuzi 100 hivi. Tunayoitaka ni 5, polipropilini, ambayo haiyeyuki mpaka upite nyuzi 160. Tumepekua vifuniko vyote vya stoo tukiangalia vitako. Kumi na tatu vilikuwa namba 2, na vyote vilikuwa vimepinda. Kumbe ndivyo vilivyokuwa vinavuja!

Jambo zito zaidi ni makopo ya polikaboneti tuliyopewa msaada, yale magumu yanayong'aa kama kioo. Haya yanastahimili nyuzi 121 bila kulegea, kwa hiyo tuliyaamini. Lakini leo nimeyashika dhidi ya jua. Ya zamani yana ukungu, na kwenye mizunguko ya kifuniko kuna mipasuko myembamba kama unywele. Moja limepasuka mkononi mwangu nikilifungua tu.

Hapa si joto peke yake linalofanya kazi, ni maji ya moto. Vifundo vinavyounganisha mnyororo wa polikaboneti hukatwa na maji kwenye joto, kidogo kidogo kila safari, na kipande kimojawapo kinachotoka ni bisfenoli A. Alkali huharakisha ukataji huo mno. Nikamfuata mama anayetuoshea vyombo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo umekuja na sura ya polisi."

Nikamuuliza anayaosha na nini. Sabuni ya unga, ya moto, anayaloweka usiku kucha, "yang'ae." Na kusuuza? Mara moja, maana maji ya bomba wiki hizo yalikuwa ya shida. Sabuni ya unga ni alkali. Ikibaki ukutani mwa kopo halafu kopo likaingia nyuzi 121, kazi ya miezi inafanyika kwa wiki.

Mama hana kosa. Hakuna aliyemwambia makopo hayo si kama chupa. Tumekubaliana: sabuni ya maji isiyo kali, hakuna kuloweka, kusuuza mara tatu, ya mwisho kwa maji ya kuchuja. Akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: na chupa za jamu, je, hazili sabuni? Nikamwambia kioo hicho cha kawaida nacho hutoa jasho. Kila kikipikwa na maji kinaachia alkali kidogo, ndiyo maana zile za zamani zina utando usiotoka hata ukisugua. Kwa midia haina madhara makubwa. Kwa maji ya kuchuja tunayohifadhi, ndiyo, yanapanda pH, kwa hiyo hayo yanahamia kwenye chupa za borosiliketi, kioo kigumu cha maabara. Mama akasema alijua tu, huo utando si uchafu wake.

Jumanne, 25 Machi

Koleo na visu vina vidoto vya kutu, vidogo kama punje za mtama. Vilikuwa vinalala kwenye jiki. Haipokloraiti, dawa iliyomo ndani ya jiki, huua vizuri na kwa ngozi ya chipukizi hatuna mbadala wake, ila klorini hutoboa ule utando mwembamba unaofanya chuma cha pua kisishike kutu, na ikishatoboa inachimba. Vifaa sasa vinapitia otoklevu, kisha spiriti na moto mezani.

Na jiki lenyewe tulikuwa tunalichanganya Jumatatu na kulitumia hadi Ijumaa, kwenye ndoo nyeupe karibu na dirisha. Mwanga na joto huligeuza chumvi tu. Ijumaa tulikuwa tunaosha chipukizi kwa maji ya chumvi.

Jumanne, 1 Aprili

Muuzaji amepita na sahani za petri za kutupa, zimefungwa kumi kumi, zimeandikwa kwamba zimesafishwa kwa mionzi ya gama. Ni polistairini, ile namba 6 inayolegea kwenye maji ya moto. Kijana akashangaa: kama haiwezi joto, imewezaje mionzi?

Nilifurahia swali. Mionzi ya gama haichemshi kitu. Inarusha elektroni na kukata minyororo moja kwa moja, iwe ya bakteria au ya plastiki. Polistairini imejaa pete za benzini, na pete hizo zinameza ile nguvu bila kuvunjika. Polipropilini, shujaa wetu wa otoklevu, haina pete hizo. Ikipigwa gama, minyororo yake hukatika, oksijeni inaingia kwenye majeraha, na hata baada ya kutoka kwenye mashine inaendelea kudhoofika kabatini mpaka siku moja inavunjika kama biskuti. Ndiyo maana inayokusudiwa gama huwekewa dawa maalumu kiwandani. PVC yenyewe inageuka njano na kuachia asidi ya haidrokloriki.

Kila njia ya kuua vijidudu ina plastiki yake inayoipenda na inayoichukia, na kipimo cha kawaida cha gama kwa vifaa vya hospitali, kilogrei 25, ni kingi kuliko watu wanavyodhani.

Neno lenyewe lilituchelewesha chai. Kijana alisema kitu kisicho na vijidudu kiitwe tasa. Mama wa vyombo akakataa katakata: tasa ni mtu asiyezaa, utaitaje sahani tasa? Nikawakumbusha mbung'o wa Unguja. Madume walifugwa Tanga, wakapigwa mionzi ya gama wakawa tasa, wakamwagwa kwa ndege, majike yakapandwa na madume hayo na hayakuzaa. Mwaka 1997 Unguja ikatangazwa haina mbung'o tena. Mionzi ile ile, neno lile lile. Mama akasema basi kwa mbung'o sawa, kwa sahani hapana. Sisi hapa tunaendelea kusema "kutakasa", ingawa lina harufu ya ibada.

Hatukununua. Bei.

Jumanne, 8 Aprili

Kazi ya homoni. BAP, inayofanya chipukizi zizaane, inastahimili otoklevu, hiyo tunaiacha mle mle. IAA, homoni nyingine, inapotea kiasi chake motoni, na mwanga nao unaimalizia. Gibereliki, ambayo tunaitumia mara chache, ikipikwa karibu yote inakwisha nguvu. Tulikuwa tunalipia unga wa bei mbaya na kuupika bure. Kuanzia sasa hizi mbili zinapita kwenye kichujio cha mikromita 0.22, kwa bomba la sindano, na kuongezwa midia ikiwa imepoa kiasi cha kushikika lakini haijaganda. Askobiki, yaani vitamini C, tunayoiweka ili utomvu wa mgomba usiigeuze midia nyeusi, nayo njia hiyo hiyo.

Inanipendeza kwamba njia zote mbili zinatoka kwa mtu mmoja. Charles Chamberland, Mfaransa aliyefanya kazi na Louis Pasteur, alitengeneza otoklevu mwaka 1879, na mwaka 1884 akaleta kichujio cha kauri kinachozuia bakteria. Mtu aliyetupa moto ndiye aliyetupa chujio la vitu visivyotaka moto.

Kuchuja kunahitaji mkono mtulivu. Leo nimetoboa vichujio viwili kwa kusukuma kwa haraka.

Jumatatu, 14 Aprili

Mkupuo wa kwanza kamili kwa utaratibu mpya: chupa 120, zimekaa rafuni siku saba bila mche ili zijitangaze zenyewe. Tatu zimeota ukungu, zote tatu zina vifuniko vilivyopinda ambavyo vilitoroka msako wetu. Nyingine 117 safi, rangi ya maji ya madafu, na ukiinamisha midia haitelezi.

Tumehamishia vipande vya kwanza saa nne asubuhi. Kijana amekata, mimi nimepokea. Mama wa vyombo amesimama mlangoni, haruhusiwi kuingia bila koti, akitaka kuona kama makopo yake aliyoyasuuza mara tatu yamepangwa rafu ya mbele. Yamepangwa.

Kilichobaki: gasketi ya otoklevu imeanza kupiga mluzi ikifika psi 16. Mpira wa asili, umekuwa mgumu na una nyufa kama kisigino cha kiangazi. Nimeagiza ya silikoni Mwanza. Mpaka ifike, mluzi ukianza tunapunguza moto na kuanza kuhesabu upya.